Ilaze kwa Kuvuli

Jumatatu, 7 Aprili

Petroli nimejaza. Oili iko sawa, kijiti kimeonyesha. Nimekata nyasi kuanzia nyuma ya madarasa ya watoto wadogo hadi kwenye vyoo vya wavulana. Shule ilifungwa Ijumaa na leo ni kimya tupu. Hata kunguru wamehama, hakuna makombo.

Kisu cha mashine kimechoka. Nyasi hazikatiki, zinachanika, na ncha zinageuka kahawia kabla jua halijatua. Nimekinoa kwa tupa mara nyingi hadi kimebaki chembamba.

Mzee Shee alijua bila kuona. Mashini yalia, akasema kutoka kwake. Yeye ndiye aliyekata uwanja huu kabla yangu, na kabla ya hapo alikata bustani za hoteli kule Bamburi miaka na miaka. Sasa mguu umemgomea. Nyumba yake na shule ni ukuta mmoja. Hukaa uani na redio yake, ananisimamia kwa masikio. Pale ukutani pametoka tofali moja, na kupitia tundu hilo naona kofia na nusu ya sikio.

Ndiye mtu pekee niliyezungumza naye leo. Jana pia. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, sitaki huruma ya mtu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Sijakata. Nyasi mbichi huganda chini ya bati la mashine na miguu huteleza, na mguu ukiteleza karibu na kisu sina haja ya kuandika kinachofuata.

Nimefua. Nimelala mchana chumbani kwangu, hapa hapa shuleni. Nimeamka na hasira isiyo na mwenyewe.

Nimekumbuka nilipokuja hapa mara ya kwanza kutoka Mwingi. Mzee aliniita kwa sauti: Ndoo! Ndoo! Nikakimbia na ndoo ya maji, nikaipitisha juu ya ukuta, nusu ikamwagikia kwenye kofia. Kumbe kwa Kiswahili cha kwao, cha watu wa Mvita, ndoo ni njoo. Alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo akiniita hivyo naipiga ndoo kofi isikike, naye huniita mwana hizaya.

Kuandika naandika vizuri. Shuleni Kiswahili hakikunisumbua. Mdomo ndio unaoniponza. Nikisema kitu yangu, yeye huguna kwanza, kisha anasema changu, changu, mpaka nirudie. Anajivunia lugha yake kama mwingine anavyojivunia shamba. Wajukuu wake wa Nairobi walipokuja Disemba walimwiga anavyosema, wakacheka mezani. Aliniambia hilo mara moja tu, na sauti ilibadilika.

Alhamisi, 10 Aprili

Jiwe. Karibu na goli la juu mvua imekwangua udongo, jiwe la matumbawe limechungulia. Sikuliona. Ulikuwa mlio wa sufuria iliyopigwa nyundo, mashine ikaruka, kisha ikaanza kutetemeka hadi meno yangu yakagongana. Nikaachia mpini, ikazima.

Mzee Shee akapaza sauti: Zima! Nimeshazima, nikamjibu kwa ukali. Nilikuwa nimeogopa.

Nilichomoa waya wa plagi kabla hata ya kuinama. Hilo ndilo la kwanza alilonifundisha. Injini iliyozimwa bado inaweza kushika, ukikizungusha kisu kwa mkono. Nilipokitazama niliona kimepinda, tena kina ufa kwenye bawa. Hakuna cha kunyoosha hapo. Kipande kikikatika kikiwa kwenye mwendo kitaruka, na hakichagui kitamkuta nani.

Nimempigia mwalimu mkuu. Ninunue kipya, amesema, mradi uwanja uwe umekatwa kabla watoto hawajarudi tarehe 28. Alikata simu kabla sijasema asante.

Jumamosi, 12 Aprili

Kongowea, kwenye maduka ya vipuri. Kisu cha zamani nilikibeba ndani ya gunia, na watu wakanipisha njia bila kuombwa. Muuzaji alitaka kunipa kirefu kidogo, eti kitaingia. Kitaingia, halafu kitasugua bati mpaka litoboke. Nikavilaza viwili pamoja juu ya meza yake, nikapima urefu na tundu la katikati. Akanuna. Nikapata kinachofanana.

Jioni nilikaa chini upande wangu, mgongo ukutani, mzee akanipa maagizo. Ndoo karibu, alianza. Nikaipiga ndoo kofi. Akacheka, kisha akawa mkali. Nifanye Jumatatu, mchana, yeye akiwepo. Kisu hakibadilishwi na mtu peke yake, hata kama huyo wa pili ni sikio tu. Waya wa plagi kwanza. Petroli ipunguzwe. Glavu nene. Kipande cha ubao cha kuzuia kisu kisizunguke. Bolti yafunguka kwenda kushoto. Mabawa ya kisu yatazame juu, kwenye bati. Ukiyageuza utazipiga nyasi badala ya kuzikata.

"Na uilaze kwa kuvuli. Wasikia? Kwa kuvuli."

Nikasema nimesikia. Mzee ana matamshi yake, nimeyazoea. Kivulini basi. Jua na petroli havipatani, hata mtoto anajua.

Nimefurahi leo. Sijui kwa nini naona haya kuliandika hilo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisani nimepeana mikono na watu wengi na hakuna aliyeniuliza jina. Nimerudi na tawi langu. Mzee akauliza la nini. Nikamweleza habari za Yesu na punda. Akasema punda wa Lamu angegoma.

Jumatatu, 14 Aprili

Mambo yameharibika.

Nianze mwanzo. Niliivuta mashine hadi chini ya mwarobaini, kwenye kivuli kizito. Nikachomoa waya, nikaufunga kitambaa ukae mbali na plagi. Nikapunguza petroli. Nikaingiza mikono kwenye glavu, nikailaza mashine kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyoifikia bolti vizuri. Mzee akauliza kutoka upande wa pili: Umeilaza nilivyokwambia? Nikasema nimeilaza vile ulisema. Akasema haya, bismillahi.

Nilipanga ubao. Bolti ilikuwa imeshika kutu, nikaitilia uzito wa mwili mzima mpaka ikalia ikalegea. Nikakwangua nyasi kuukuu kwa kijiti, si kwa vidole. Kisu kipya nikakitundika kwenye msumari nione kama kinaelemea upande. Hakikuelemea. Nikakifunga, mabawa juu. Nikakaza. Nikakagua tena. Kazi safi, nilijipongeza.

Nikaiinua mashine. Kulikuwa na mchirizi wa oili kwenye bati, nikaona ni kidogo, nikafuta. Nikarudisha waya, nikavuta kamba. Moshi mweupe ukajaa uwanja, injini ikakohoa, ikafa. Nikavuta tena. Na tena. Nikafungua chujio la hewa, na sifongo yake ilikuwa imelowa oili chapachapa.

Mzee alisikia harufu. Akauliza niliilaza vipi. Nikamwambia kwa kivuli, vile ulisema.

"Kuvuli, nimesema!"

"Ndiyo, kivuli. Hapa chini ya mti."

  Akasema kwa sauti ndogo:

"Waniteza shere."

Nikamuuliza ni nani anamchezea shere. Akasema kwanza ndoo, sasa hili, na mashini nimeiua. Wajukuu zake angalau ni watoto. Nikasikia kiti kinaburutwa, mlango ukafungwa.

Sielewi nimemkosea nini. Nilifanya kila alichosema, neno kwa neno. Nimekasirika hadi chakula kimenishinda.

Jumanne, 15 Aprili

Redio haikuwashwa leo. Siku nzima. Ananikomoa.

Haya. Tuone nani atachoka kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilisema shikamoo kwenye tundu la ukuta. Kimya. Nikarudia. Nikamwita kwa jina. Kimya kile kile. Kofia haipo, kiti hakipo.

Nilishikwa na hasira. Nikapaza sauti kwamba mzee mzima hanuni kama bibi harusi. Nilitaka asikie vizuri, kwa hiyo nikasema polepole. Hakuna kilichosogea.

Mlinzi wa usiku aliingia jioni, akasema habari, akaenda kwenye kibanda chake. Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimepika mbaazi za nazi. Nimeweka bakuli juu ya ukuta, upande wake, na mahamri mawili juu. Sikuita. Nilikaa ndani nikitega sikio.

Paka amekula.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimempigia kaka yangu Mwingi, simu yake imezimwa. Nimempigia shemeji, akasema wako kwenye sherehe, atanipigia. Hajapiga.

Nyasi zimepita kifundo cha mguu. Nimeketi mlangoni nikazitazama zikitikisika. Hapa nimekaa muda wote huu nikijiambia kwamba napenda utulivu. Uongo. Nilikuwa na mtu wa kuongea naye, ndiyo maana utulivu ulinipendeza. Sasa ameninunia na sijui hata kosa langu, na nina upweke unaouma tumboni kama njaa.

Kama angeniambia tu nilichokosa, ningeomba radhi. Mimi si mtu wa kiburi. Kiasi tu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimevuta kamba ya mashine hadi bega limevimba. Moshi kidogo, kisha basi. Mwalimu mkuu ametuma ujumbe: uwanja vipi? Nimejibu unaendelea vizuri. Nimetazama ukuta kwa muda mrefu.

Jumatano, 23 Aprili

Bi Fatuma alibisha hodi kwenye geti la shule. Ni binti mkubwa wa Mzee Shee, ameolewa huko Kibokoni, kisiwani. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Alikuwa na funguo mkononi na mfuko wa nguo za baba yake. Alikuja kuniomba niwe naitupia jicho nyumba, maana haina mtu.

Nikauliza haina mtu vipi.

"Kwani hukupata habari? Baba kaanguka Jumanne ya wiki iliyopita, kabla ya alfajiri. Kiharusi. Mkono wa kuvuli hauinuki, na kusema hawezi."

"Mkono wa kivuli ni gani?"

Niliuliza hivyo. Mbele ya mwanamke aliyechoka, mwenye mato mekundu. Naandika mato kama wanavyosema wao, macho.

Hakukasirika. Aliweka mfuko chini, akaniinulia mkono wake wa kulia.

"Huu, dadangu. Kuvuli. Nyinyi mwasema kulia."

Nilishika geti.

Ilaze kwa kuvuli. Ilaze kwa ubavu wa kulia. Chujio la hewa liko kushoto, na mashine ikilazwa kulia chujio linabaki juu, oili haiwezi kulifikia. Ndivyo tu alivyosema, tena mara mbili. Nami nikamjibu mti.

Bi Fatuma aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia la. Sikumweleza. Alikuwa na haraka, gari lilikuwa linamsubiri, na ningeanzia wapi?

Alipoondoka nilienda kwenye tundu nikachungulia. Kiti kimeegemezwa ndani ya baraza. Redio haipo, nadhani wamempelekea. Tangu Jumanne ile. Redio haikuwashwa kwa sababu hakukuwa na wa kuiwasha. Shikamoo zangu zote, na lile la bibi harusi nililolisema polepole ili asikie, niliiambia nyumba tupu.

Na yeye amelala huko akijua kwamba nilimcheka. Neno lake la mwisho kwangu ni hilo. Nimelia. Nimelia kwa sauti kwa kuwa hakuna wa kusikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikutaka kuigusa mashine peke yangu. Ameniambia mara elfu kuwe na mtu. Mtu sina. Mwisho nilimwomba mama anayeuza viazi karai nje ya geti asogeze meza yake mpaka aweze kuniona. Aliniuliza afanye nini. Nikasema anitazame tu, na nikipiga kelele aje. Akakubali, akaendelea kukaanga.

Nilichomoa waya. Petroli nikatoa. Nikailaza kwa kuvuli. Nilisema kila hatua kwa sauti, mama wa viazi akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Kweli chujio lilikuwa juu, na hakuna oili mpya iliyolifikia. Nikakagua bolti ya kisu, imekaza. Nikaiinua.

Sifongo nimeifua kwa sabuni, nimeikamua, nimeianika kwenye kamba kando ya soksi zangu. Plagi nimeitoa, nimeifuta, nimevuta kamba plagi ikiwa nje, oili ikatoka kwa matone. Nimeongeza oili mpya mpaka kwenye alama.

Sifongo ilipokauka nilirudisha kila kitu. Nikavuta. Ikakohoa moshi, ukapungua, ukaisha. Ikawaka.

Mama wa viazi akapiga makofi. Niligeuka kutazama ukuta, mazoea tu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekata uwanja wote. Nimepita kwanza kwa miguu, mstari kwa mstari, nikiokota mawe. Lile la matumbawe nimelichimba na kulitupa. Kisu kipya kinakata vizuri mno, nyasi zimelala sawa na zina harufu ya tikiti maji. Mwalimu mkuu amepita na gari, amepiga honi, ameondoka.

Kazi imekwisha na haina utamu wowote.

Nimempigia Bi Fatuma. Baba ametoka hospitali, yuko kwake. Hatarudi huku Kisauni. Nyumba wataipangisha. Nikaomba kuja kumjulia hali. Akasema karibu, lakini nisitarajie mengi, hata wao wanawe mara nyingine hawatazami.

Jumapili, 27 Aprili

Nimevuka daraja baada ya ibada. Kibokoni nimeuliza njia mara nyingi, na kila niliyemuuliza alinijibu salamu kwanza ndipo njia.

Mzee Shee amelazwa chumba cha mbele. Amekuwa mdogo. Sikuwahi kuuona uso wake wote kwa mara moja, fikiria hilo, ni kofia tu na sikio. Ana alama ya kovu kidevuni. Nikasema shikamoo. Hakujibu, hakugeuka. Alitazama dirishani, upande wa pili.

Palikuwa na kiti karibu na kitanda. Nikaketi, nikaushika mkono wake uliokuwa karibu nami. Nikamweleza. Kwamba sikumcheka. Kwamba Mwingi hakuna kuvuli, kuna kulia na kushoto basi. Kwamba mashine imewaka. Kwamba niliweka mbaazi na paka akala. Nilisema kwa Kiswahili changu kibaya, nikichanganya kila kitu, na nikaomba radhi. Mkono ulikaa ndani ya mikono yangu bila kusogea. Hakugeuza hata jicho. Dirisha tu.

Nikajua basi, hakunisamehe. Haki yake. Nikajifuta uso na leso.

Bi Fatuma akaingia na uji. Akanitazama nilivyokaa, akatikisa kichwa taratibu.

"Si huko, dadangu. Huo wa kuvuli hausikii kitu. Na mato yake huko hayaoni, wala sauti ya upande huo haimfikii. Hajui kama upo."

Nikainuka. Nikachukua kiti, nikazunguka kitanda, nikaketi upande wa dirisha. Macho yake yakanikuta. Yalitulia juu yangu, yakakaa. Nikauweka mkono wangu karibu na wake wa kushoto, juu ya shuka, sikuthubutu kuushika. Akaushika yeye. Ana nguvu bado upande huo, vidole vimeniuma kidogo.

"Shikamoo, Mzee Shee," nikasema, na nikaanza kumweleza upya.